Mwigizaji aliyehamia Peckham: chumba, kibarua na usaili

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari za siku nyingi. Nimehamia Peckham, kusini mwa London, baada ya mkataba wangu wa maonyesho ya mikoani kumalizika. Usaili wa uigizaji hutangazwa kwangu kwa taarifa ya siku moja au mbili, na mara nyingi hutakiwa kurekodiwa nyumbani. Chumba nilichopata kiko ghorofani juu ya duka, upande wa barabara ya Rye Lane, na nimeahidiwa kazi ya ghalani yenye zamu zisizobadilika. Naomba ushauri wa waliotangulia: je, niichukue kazi hiyo ili kodi ya chumba isinilaze macho, au kuna njia nyingine? Vibali vyangu vya kuishi na kufanya kazi vimekamilika.

Mdogo wenu, Peckham

*

Marahaba mdogo wangu, na karibu sana. Nimeishi mtaa huu na kufanya kazi hii miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza bila kuzunguka. Kazi ya ghalani usiichukue ikiwa zamu zake hazibadilishiki, hata kama mshahara wake unaonekana nafuu, kwa sababu wakala akikuletea usaili wa Jumanne saa nne asubuhi ilhali wewe umefungwa hadi jioni, utakataa leo, utakataa wiki ijayo, na baada ya hapo simu yake hutaisikia tena. Tafuta kazi ambayo mwenzako anaweza kukushikia zamu. Kumbi za maonyesho huajiri watu wa kupokea watazamaji na kuuza vinywaji, na wasimamizi wao wamezoea kuwa na waigizaji miongoni mwa wafanyakazi.

Iko kazi nyingine ambayo wengi wetu hatuijui tunapofika. Vyuo vya udaktari huajiri waigizaji wacheze wagonjwa katika mitihani ya wanafunzi. Unapewa maelezo ya mgonjwa, umri wake, hofu yake na jambo analolificha mpaka aulizwe vizuri, kisha unarudia maumivu yale yale ya kifua kwa kila mwanafunzi anayeingia, bila kuzidisha wala kupunguza, ili wote wapimwe kwa haki. Ni kazi ya heshima na inanoa ufundi wako kuliko kupanga maboksi. Ukalimani wa Kiswahili hospitalini na mahakamani nao upo, ila nakusihi usiuingie bila kuusomea, maana neno likipotea mbele ya daktari au hakimu, anayeumia ni yule aliyekutegemea.

Kiswahili hicho hicho kiandike kwenye ukurasa wako wa Spotlight, orodha ambayo wateuzi wa waigizaji nchini humu wameitumia tangu 1927, pamoja na lafudhi unazozimudu. Usidhani hakina nafasi hapa: mwaka 2012 kikundi kutoka Kenya kilicheza mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili jukwaani pale Shakespeare's Globe, ukumbi wa maonyesho hapa London.

Kuhusu chumba, Rye Lane ina mabasi usiku na mchana, na wahubiri wenye vipaza sauti hawakosekani, kwa hiyo zungumza na wenzako wa nyumba mapema kabla usaili haujakufika. Rekodi katika upande ulio mbali na barabara, tundika mfarishi mzito nyuma ya kamera ili sauti isirudi kama ya bafuni, na kama uko karibu na jiko omba friji izimwe kwa dakika hizo chache, kisha uhakikishe umeiwasha. Mwanga wa dirisha ni mzuri na haulipiwi, lakini kumbuka kwamba mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, hivyo mwenye zamu za mchana hana budi kununua taa. Utahitaji pia mtu wa kukusomea maneno ya mhusika wa pili. Mtafute sasa, awe jirani anayesoma kwa utulivu bila kushindana nawe, maana usaili ukija saa tatu usiku huna muda wa kuanza kubisha milango. Mimi niko tayari kukusomea siku ambazo siko jukwaani.

Kwa kukariri na kujisomea nenda maktaba ya Peckham Library, jengo lililofunguliwa mwaka 2000 na kupata tuzo ya usanifu wa majengo ya Stirling mwaka huo huo. Kuna joto na hakuna anayekuuliza umenunua nini. Mjini nenda kwa basi, si kwa treni: nauli moja hukuruhusu kubadilisha mabasi kadiri upendavyo ndani ya saa moja, na basi namba 12 litakufikisha Westminster hadi Oxford Circus.

Dada yako, Camberwell

*

Dada amesema yote ya kazi, nami naongeza ya fedha. Katika upangaji wa kawaida wa Uingereza, amana haizidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mpango wa ulinzi ndani ya siku 30, lakini ukikaa ndani ya nyumba anamoishi mwenyewe, ulinzi huo haukuhusu, kwa hiyo dai risiti na upige picha za kuta siku unapoingia. Wakala halali hula asilimia ya unachopata. Anayedai ada ili akusajili, waulize kwanza Equity, chama cha waigizaji. Mapato ya kujiajiri yakizidi pauni 1,000 kati ya Aprili 6 na Aprili 5 inayofuata, jisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya mapato, kabla ya Oktoba 5, na hesabu pamoja na malipo yafike kufikia Januari 31. Tunza risiti za ada ya Spotlight, ya Equity, na nauli za kwenda kwenye usaili, kwa kuwa hizo huondolewa kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi. Wadogo zetu walio na viza ya masomo wasifuate ushauri huu, kwani viza hiyo hairuhusu kujiajiri wala kuigiza kwa malipo.

Kaka yenu, Reading