Kutazama Red River ikifurika Winnipeg, Kanada: The Forks, lango la Floodway au Lockport?

Kigari_Kimoja
Habari za asubuhi wakuu. Barafu imeanza kukatika na Jumamosi nina wageni wawili kutoka Bujumbura, hawajawahi kuona barafu ikitembea juu ya mto. Tupo na mtoto wa miaka mitatu kwenye kigari, na usafiri wetu ni basi. Nimesikia sehemu tatu: The Forks mjini, pale mito ya Red na Assiniboine inapokutana; lango la Floodway, ule mfereji wa kupunguza mafuriko, kule kusini; na bwawa la Lockport kule kaskazini. Tukipata nusu siku tu, wapi?

Gambuti
Kwa basi na kigari, ni The Forks, hakuna mjadala. Ila kabla ya kupanga njia tazama namba. Jiji hutangaza kila siku kimo cha maji pale James Avenue, kwa futi. Sifuri ya kipimo hicho si sakafu ya mto, ni kimo cha kawaida cha barafu wakati wa baridi. Majira ya joto maji hukaa kwenye futi 6.5 hivi. Riverwalk, ile njia ya chini inayofuata Assiniboine hadi nyuma ya Bunge la jimbo la Manitoba, huzama karibu kila mwaka. Yakikaribia futi 9 huna pa kukanyaga. Mpate kipimo cha kulinganisha: mwaka 1997 yalifika 24.5, na mwaka 1950, kabla mfereji haujachimbwa, 30.3.

Kwa hiyo sahau njia ya chini, pita juu. Shukeni Union Station, stesheni ya reli, katizeni soko la The Forks, pandeni Esplanade Riel, lile daraja la waenda kwa miguu lenye nyaya. Simameni katikati mtazame kusini: Red inakuja mbele yenu, Assiniboine inaingilia kulia. Mapande ya barafu ya ukubwa wa meza yanagonga nguzo, yanazunguka nusu duara, yanapita. Ile iliyooza kwa jua hupasuka kuwa vijiti virefu vyembamba, na vikigongana vinalia kama vioo vinavyofagiliwa. Wageni watakaa hapo dakika ishirini bila kuambiwa.

Vukeni upande wa St. Boniface, fuateni Taché Avenue kwenda kusini. Kuna roshani ya kutazamia inayoelekea The Forks moja kwa moja. Asubuhi jua liko mgongoni, picha zinatoka vizuri. Baada ya saa tisa alasiri mtapiga picha za vivuli. Rudini kwa Norwood Bridge kisha daraja la Main Street juu ya Assiniboine. Mzunguko mzima ni kama kilomita 3 hadi 4, lami na saruji mwanzo hadi mwisho.

Lango_Kusini
Nakubaliana na Gambuti kuhusu kigari, lakini tusiwaambie watu wameona mafuriko ya Winnipeg kwa kuona mjini peke yake. Mnachokiona pale darajani ni maji yaliyokwisha kupunguzwa. Kazi yenyewe inafanyika kusini, nje ya Perimeter, barabara inayozunguka jiji, upande wa Courchaine Road.

Wengi hufikiri lango linashushwa kuzuia maji. Ni kinyume. Milango miwili ya chuma, kila mmoja mita 34 hivi kwa upana, hulala chini ya maji siku zote. Wakati wa mafuriko huinuliwa kutoka chini, mto unajaa nyuma yake, na maji yanayozidi yanamwagikia kwenye mfereji wa kilomita 47 unaozunguka mashariki ya jiji. Ulikamilika 1968, na watu bado wanauita mtaro wa Duff, kwa jina la waziri mkuu wa jimbo aliyeusimamia, Duff Roblin.

Linalowakosesha wengi ni muda. Lango haliinuliwi mpaka barafu ya hapo ianze kutembea yenyewe, maana barafu ikiingia mferejini inaweza kukwama kwenye nguzo za madaraja. Mkienda mapema mnakuta mto wa kawaida na kuta za saruji. Someni taarifa ya mafuriko ya jimbo. Ikisema Floodway imeanza kufanya kazi ndipo mfunge safari. Gari ni lazima, basi halifiki karibu.

Mwari_Mweupe
Na Lockport ina mtego wake. Watu hufuata maporomoko waliyoyaona kwenye picha za kiangazi. Mapazia, yaani vizuizi vinavyoinua maji, ya bwawa la St. Andrews hapo Lockport, la tangu 1910, hutolewa vuli, na hayarudishwi mpaka mafuriko yapite. Aprili maji yanapita chini ya daraja karibu sawasawa, hakuna poromoko. Cha kutazama ni mdomo wa Floodway unaporudisha maji mtoni, kama lango la kusini linafanya kazi, na ndege mwari wanaoanza kufika mwezi huohuo kuvua samaki.

Kaskazini zaidi, kuelekea Selkirk, ndiko barafu inakokwama. Mto huu unaelekea kaskazini: kusini, Dakota Kaskazini na Minnesota huko Marekani, theluji inayeyuka mapema, halafu maji yanakuta huku bado kumeganda. Bonde lenyewe ni tambarare, lilikuwa sakafu ya ziwa la kale, kwa hiyo maji yakizuiwa hayana pa kwenda ila pembeni. Ndiyo maana kila mwisho wa baridi mashine za Amphibex huvunja barafu huko kabla ya joto. Sehemu hizo msiende na mtoto. Barafu ikikwama maji hupanda kwa muda mfupi, na barabara za kando ya mto ni za chini.

Kigari_Kimoja
Asanteni sana. Basi The Forks. Je, tukishuka kidogo kwenye ngazi za bandarini, wageni waguse barafu?

Gambuti
Hapana ndugu yangu. Utepe au kizuizi kikiwekwa, msikivuke. Ngazi zilizo chini ya maji hazionekani, tope la mto huu ni ufinyanzi unaoteleza kama sabuni, na maji yako karibu na nyuzi sifuri.

Udongo_Mzito
Niongeze la kingo, kwa sababu watu huogopa maji yakipanda tu. Kingo nyingi huporomoka maji yakishuka. Ufinyanzi umenyonya maji wiki mbili tatu, umekuwa mzito, na ule mto uliokuwa ukiuegemeza umeondoka ghafla. Alama yake ni ufa mrefu kwenye nyasi unaokwenda sambamba na mto. Mkiuona, simameni upande wa mbali na maji. Churchill Drive ni pazuri kwa matembezi lakini huko kaeni kwenye lami, acheni vijia vya kando ya mto hadi Juni.

Kuhusu mavazi: juu ya Esplanade Riel upepo ni mkali kuliko mtaani, kofia na glovu hata kama jua linawaka. Viatu vya gambuti kwa mzunguko huo si lazima. Na mtoto apelekwe choo kwenye soko la The Forks kabla ya kuvuka, upande wa Taché msitegemee kupata.