Sauti inakwama na kupasuka kwenye PC, msaada wakuu

Wakuu habari zenu, PC yangu ya nyumbani Windows 10 nikicheza muziki sauti inakatakata halafu spika zinatoa tap tap, nimebadili hadi hedifoni bado vilevile na CPU iko 15% tu, inaniumiza maana ndo narekodia kwaya yetu

— Mkuu hiyo CPU isikudanganye, kuna draiva (programu inayoendesha kifaa fulani cha PC) inashikilia prosesa milisekunde kadhaa sauti inakosa data. Shusha LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji wa draiva, iache dakika 10 uone faili gani ya draiva inaongoza kwa kuchelewesha, mara nyingi ya waifai, izime ujaribu

— Bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) kwenye programu ya kurekodia umeweka ngapi? Sampuli 128 kwa 48000 Hz ni kama milisekunde 2.7 tu, ndogo mno, panda 512

— Asanteni sana, nimezima waifai tap tap zimeisha! Natafuta draiva mpya