Examine2D, RS2, Map3D au FLAC3D: programu ipi kwa kukokotoa mikazo ya mgodi wa chini?

Mchoraji_mgodi: Wakuu, kina ni mita 800, mwamba mgumu. Kuna handaki la mita 5 kwa 5, na mashimo ya uchimbaji yaliyotenganishwa kwa nguzo fupi (mwamba ulioachwa bila kuchimbwa). Nianze na ipi?

NguzoKati: Kwa handaki peke yake Examine2D inatosha. Inagawa ukingo wa shimo tu, si mwamba wote, kwa hiyo jibu halichelewi. Tatizo ni nguzo: programu inachukulia kila shimo halina mwisho kwa urefu, hivyo mkazo wa nguzo utazidishwa. Hapo hamia Map3D, inayochora mashimo kwa vipimo vitatu, ila hakiki makutano yake. Nyuso zikipishana, namba zinaharibika.

BiKipimo: Kabla ya yote, chora duara ulinganishe na fomula ya Kirsch ya 1898, ya mkazo kuzunguka shimo la duara. Mkazo wima ni takriban 0.027 kwa kila mita ya kina: 0.027 × 800 = MPa (megapaskali) 21.6. Kwa k (mkazo wa mlalo ukigawanywa kwa wa wima) = 1.5, wa mlalo ni 32.4. Paani utegemee 3 × 32.4 − 21.6 = MPa 75.6, ubavuni 32.4. Zikitoka zimebadilishana nafasi, umegeuza mielekeo. Na k usiikisie, tafuta vipimo: ikiwa 2, paani panafika MPa 108.

MeshiNdogo: Boliti na shotikriti (zege la kunyunyizia) ni kazi ya RS2 (zamani Phase2). Kosa ninaloliona kila siku ni kuweka boliti kwenye hatua ileile ya kuchimba. Zinabebeshwa mzigo wote, zote zinaonekana zimekatika, halafu mtu anaagiza boliti nene zaidi! Chimba kwanza, acha shinikizo la ndani, la kuigiza mwamba uliotolewa, lishuke kwa hatua, boliti ziingie katikati. Ukingo wa nje wa modeli nao uwe mbali: kwa duara lenye k = 1, umbali wa nusu-kipenyo 5 kutoka katikati bado una ziada ya mkazo ya asilimia 4.

Zoni3D: FLAC3D iache hadi uhitaji kuona nguzo ikivunjika na kumwaga mzigo kwa jirani. Usiondoe mwamba kwa mpigo mmoja, utapata uvunjikaji wa bandia, legeza taratibu. Ukitumia modeli ya mwamba unaopoteza nguvu, badilisha ukubwa wa zoni (vipande vinavyounda modeli) uone jibu linavyohama.

Mchoraji_mgodi: Asanteni. Pembe za handaki zinanipa mkazo mkubwa mno, je?

BiKipimo: Mkazo wa pembe kali kwenye modeli elastiki (mwamba usiovunjika) hauna kikomo, kila ukisaga meshi (mgawanyo wa modeli) unapanda. Izungushe pembe kidogo, au soma mkazo ndani ya mwamba badala ya kwenye pembe yenyewe.