Eti "mwenye hoteli"! Nimedhulumiwa paja la mbuzi mbele za watu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule MC wa chemsha bongo ya Ijumaa, mnamjua, yule wa kofia pana anayeongea kama anasoma taarifa ya habari, jana kanivua nguo mbele ya baa nzima.

Swali la mwisho, zawadi paja la mbuzi: nani alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya 1953? Nikasimama kwa madaha: William Holden, Stalag 17. Jamaa akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Huyo si mwenye hoteli?"

MWENYE HOTELI!

Ndiyo, Mount Kenya Safari Club pale Nanyuki yeye na wenzake waliianzisha 1959. Kwani ukiwa na hoteli Oscar wanakuja kuchukua? Huyu mtu 1939 yuko Golden Boy, mkono mmoja fidla, mwingine ngumi. 1950, Sunset Boulevard, ni maiti inaelea kwenye bwawa na bado inasimulia filamu nzima. Maiti! 1957 yuko The Bridge on the River Kwai. Leo mtu anayeangalia filamu za kutafsiriwa tu anamwita mwenye hoteli.

Siku anapewa hiyo Oscar muda wa televisheni ulikuwa umebana, akashukuru haraka akashuka. Mimi hata huo wa kushukuru sikuupata.

Na mbuzi kapewa nani? Meza ya nne, waliojibu John Wayne! Kisa alikuja Momella, Arusha, kucheza filamu ya Hatari!. Jamani, Wayne Oscar yake kaipokea 1970, mzee mzima. Wamekula mbuzi wangu wananiangalia machoni. "Huyo si mwenye hoteli?" Sijalala.

Kinyozi Mstaafu: Uzi wote huu kwa paja moja?

Bibi Harusi Mtarajiwa: Nimesoma mpaka mwisho nikijua kuna mtu kafa.

Mzee wa Rekodi: Jina lake la kuzaliwa ni William Beedle. Kwa hiyo hata wewe umekosa. Mbuzi arudi jikoni.

Mtoa mada: Mkuu usinichokoze leo.

Meza ya Nne: Tupo hapa. Mbuzi alikuwa mgumu kama soli ya kiatu, hujapoteza kitu.

Mrina Asali: Wayne msimguse. Babu yangu aliwaona Momella wanafukuza faru na gari. Huyo Holden alimfukuza nani?

Mzee wa Rekodi: Holden alicheza filamu ya The Lion hukohuko Kenya, 1962. Na alikuwa na ranchi ya wanyama. Soma.

Mama Chapati Mbili: Huyo MC ndiye aliyeharibu harusi ya mdogo wangu. Kamtaja bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani. Mara mbili!

Kinyozi Mstaafu: 😂😂 Tupe hiyo yote.

Mtoa mada: Turudi kwenye mada. MWENYE HOTELI, wakuu!

Mama Chapati Mbili: Subiri mkuu. Basi shangazi akainuka na sahani yake...

Mrina Asali: Hiyo baa yenyewe ndizi wanachoma asubuhi wanauza usiku.

Meza ya Nne: Na choo hakina kitasa. Mwenzako anakushikia mlango.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Ngoja kwanza, MC gani huyo? Nimeshamlipa nusu.