Kumfungia chumbani mlevi wa pombe na vidonge: kuna aliyejaribu?

Dada Mkubwa, Kayole
Hamjambo wenzangu. Mdogo wangu ana miaka 20, ni kibarua wa mjengo. Alianza na kutafuna majani ya muguka, akaingia bia ya kegi, sasa ni pombe kali kila siku na vidonge vya usingizi anavyouziwa kimoja kimoja. Asubuhi kabla hajaonja kitu mikono inamtetemeka, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado inamwagika. Mjomba anasema tumfungie wiki nzima, uji na maombi tu. Kufuli ameshanunua. Mnaonaje?

Baba Wawili
Mfungieni. Huyu akibembelezwa atawauzia hadi sufuria.

Mzee wa Ngara
Dada, mwambie mjomba arudishe hilo kufuli dukani. Mimi ni mtu wa unga, yaani heroini, wa zamani. Kila asubuhi nakunywa methadoni yangu, dawa ya kuachia unga, kliniki hapa Ngara mbele ya muuguzi, nafungua kinywa aone nimemeza, naenda kazini. Kwa hiyo arosto, yale mateso ya kukosa unga, naijua: kuhara, kutapika, mifupa kuuma, unatamani kufa ila kwa kawaida hufi.

Ya mdogo wako ni nyingine kabisa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na kifafa, au mtu akaanza kuona wadudu ukutani, akachanganyikiwa, akafa. Kwa pombe, siku tatu nne za mwanzo ndizo za kuogopa. Vidonge vinaweza kuchelewa, mkadhani amepona. Huko kutetemeka ndiyo dalili yenyewe. Na ukifunga mlango, nani atamwona akianguka?

Mpelekeni hospitali ya Mathari, pale Thika Road, mkiwa na pakiti za vidonge hata kama ni tupu. Daktari atataka kujua ni vipi na vingapi, maana dawa hupunguzwa polepole, haikatwi. Hadi mfike huko, msimlazimishe kuacha vyote kwa siku moja. Akianguka kifafa, hapo si kungoja, ni hospitali ya karibu mara moja. Tena asije mtu akawauzia methadoni eti itamsaidia: hiyo ni ya unga, na ukiichanganya na pombe au vidonge vya usingizi pumzi inakata.

Baba Wawili
Sikujua hilo la kifafa. Lakini anakonunua je? Sheria ya pombe ya 2010 inasema baa zifungue saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kwetu saa moja asubuhi viti vimejaa.

Dada Mkubwa
Asante sana mzee. Na akikataa kwenda?

Mzee wa Ngara
Nenda wewe kwanza. Au piga 1192, ni ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo, uongee na mshauri. Polisi waache, atarudi na kesi juu ya ulevi. Ongea naye asubuhi, si usiku akiwa amelewa, na usianze na pesa alizoiba. Muulize tu kama anaogopa hiyo mitetemeko. Mimi aliyenipata ni aliyeniuliza kama nalala. Na huyo msimamizi wa mjengo, ndugu yako akikubali, amlipe kwa wiki kupitia simu yako. Pesa ya kila jioni mkononi ndiyo inayomfikisha kwa muuzaji kabla hajafika nyumbani.

Dada Mkubwa
Kesho hana kazi. Nitamwamshia chai mapema.