Bodi inanidai barua kutoka ofisi ambayo haikuwahi kuwepo (leseni ya tiba ya usemi, Marekani)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira. Wale wa "fupisha mkuu" piteni kushoto mapema.

Wiki hii nimepokea barua ya bodi ya leseni ya jimbo ninaloishi huku Marekani. Jimbo silitaji, faili langu bado liko mezani kwao na sitaki kujichongea. Wanasema ombi langu la leseni ya muda ya tiba ya usemi halijakamilika. Kinachokosekana ni uthibitisho kutoka mamlaka ya usajili ya nchi niliyowahi kufanya kazi hii, kwamba leseni yangu ya huko haikuwahi kufungiwa wala sikuwahi kuwa na kesi ya kitaaluma. Barua itoke kwa mamlaka moja kwa moja mpaka bodini, yenye muhuri, isipitie mikononi mwangu.

Sawa. Ila miaka ile niliyofanya kazi Mwanza sikuwa na leseni, kwa sababu hapakuwa na wa kunipa. Nesi alikuwa na baraza lake, daktari na lake, mfamasia na lake. Sisi wa tiba ya usemi tulikuwa wachache kiasi kwamba tunajuana wote kwa majina, mpaka nani kaoa wapi. Niliajiriwa kwa cheti cha chuo na barua ya mwajiri, basi. Nikawaandikia bodi nikawaeleza hivyo, kwa adabu zote. Jibu likarudi: tafadhali wasilisha uthibitisho kutoka mamlaka husika kwamba usajili haukuwepo.

Someni tena hapo. Ofisi ambayo haikuwepo iandike barua kwamba haikuwepo, na igonge muhuri.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: sisi ndio tunaomshughulikia mtoto aliyefika miaka minne hajaunganisha maneno mawili, mzee aliyepotelewa na maneno baada ya kiharusi, mwenye kigugumizi, mtoto aliyeshonwa mdomo sungura, na mgonjwa ambaye akimeza chai inamwingia njia ya hewa. Wenzetu wa audiolojia wanapima usikivu na kuwafungia watu vifaa vya kusikia. Afrika Mashariki shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianzia Makerere mwaka 2008. Mimi ni zao la Makerere na sina aibu nalo hata chembe. Nilichojifunza wodini kule, bila mashine na bila hata vifaa vya kupimia vilivyotengenezwa kwa lugha zetu, wengi ninaokutana nao hapa wamekisoma vitabuni tu.

Nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, mke wangu ndiye aliyeshinda. Nikafika na vyeti vyangu kwenye bahasha ya plastiki, nikidhani nitafanya mtihani wao na kuingia kazini. Mtihani! Mtihani ndio kitu chepesi kuliko vyote katika safari hii. Unaitwa Praxis: maswali 132, dakika 150, alama ya kufaulu 162 kwenye kipimo kinachoanzia 100 kuishia 200. Unasoma, unaingia, unatoka, hakuna anayekuuliza baraza lako la Mwanza lilikuwa na muhuri wa rangi gani.

Kilichoniumiza ni vyote vinavyouzunguka.

Leseni hapa hutolewa na jimbo, kila jimbo na sheria yake. Juu yake kuna cheti cha ASHA, chama cha kitaaluma cha nchi nzima, na vigezo vyake vinafanana sana na vya majimbo mengi. Kwa tiba ya usemi, shahada ya kwanza haikufikishi popote, lazima uwe na uzamili. Audiolojia ni zaidi: tangu 2012 cheti cha ASHA kinadai shahada ya udaktari, kwa kawaida miaka minne mingine juu ya ile ya kwanza. Sasa linganisha na Uingereza, ambako shahada ya kwanza iliyoidhinishwa inatosha kusajiliwa na HCPC, baraza lao la wahudumu wa afya, na kuanza kazi. Tena kuna mkataba wa kutambuana ulioanza 2004 kati ya vyama vya Marekani, Kanada, Uingereza na Australia, na 2008 wakaongezeka Ireland na New Zealand. Sisemi wa huko wanapita bure, nao wana makaratasi yao. Lakini cheti chao angalau kinasomwa kama cheti. Kutoka Afrika nzima haimo nchi hata moja, hata Afrika Kusini ambako fani hii inafundishwa chuo kikuu tangu miaka ya 1930.

Basi nikaanza danadana. Kampuni ya kutathmini vyeti (ziko nyingi, yangu siitaji) ikataka maelezo ya kila somo nililosoma, yatoke chuoni yakiwa yamefungwa. Rafiki yangu Kampala akazunguka ofisi hadi ofisi kwa niaba yangu, Mungu ambariki. Makaratasi yalipofika, kampuni ikasema faili limeshafungwa kwa kuchelewa, lipa upya. Nikalipa upya. Hukumu yao baada ya yote hayo: una kitu kinacholingana na shahada ya kwanza. Niliwaambia hivyo bure tangu siku ya kwanza.

Nikaomba uzamili. Kabla ya kuingia nikaambiwa nirudie masomo ya msingi. Takwimu nilisoma, ila ilikuwa ndani ya kozi ya utafiti wa fani, na kanuni inataka takwimu iwe kozi inayosimama yenyewe. Nikakaa darasani na vijana wa miaka kumi na tisa nikitafuta wastani. Fizikia au kemia ya chuo nayo ilitakiwa. Nikachukua fizikia, nikakariri upya urefu wa mawimbi wakati nilikuwa nimeshawapima watoto usikivu kwa miaka.

Halafu saa za mafunzo. Ni 400: 25 za kuangalia na 375 za kukaa na mgonjwa, na kati ya hizo 325 lazima uzifanye ukiwa ndani ya uzamili wenyewe. Saa zangu zote za Mwanza zikaingia kapuni. Na hizo 375 hulipwi senti. Wewe ndiye unayelipa, kwa sababu mafunzo yanahesabiwa kama kozi na kozi ina ada. Mchana unamhudumia mgonjwa ambaye bima yake inalipa kliniki, usiku unabeba boksi ghalani ili ulipie ruhusa ya kumhudumia. Nilikuwa nalala kwenye gari sehemu ya kuegesha, kati ya zamu na darasa. Nani anakwambia? Kwenye vipeperushi vya vyuo utaona picha ya dada anatabasamu na mtoto ameshika kadi.

Haya yote ningeyameza. Kinachonikaba koo ni kitu kingine.

Kipindi chote hicho nimekuwa mkalimani wa Kiswahili kwenye wilaya moja ya shule. Familia za Kikongo ziko nyingi hapa, wengi wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, isipokuwa pale ambapo ni wazi haiwezekani. Hicho kipande cha mwisho ndipo wanapojifichia. Wanachukua kipimo kilichotengenezwa kwa watoto wa Kiingereza, wanaweka mkalimani kwenye simu, wanajaza fomu, wamemaliza.

Kuna mtoto wa darasa la kwanza, sitasema zaidi ya hapo. Ripoti yake ya mwanzo ilifanywa kwa mkalimani wa simu, na nikiisoma naona kabisa mkalimani huyo alikuwa mtu wa pwani au aliyesomea Kiswahili sanifu. Mtoto anasema "kitabu yangu", anasema "batoto", na mkalimani kila mara anamwambia mtaalamu kwamba hapo mtoto amekosea. Mtaalamu hajui Kiswahili, afanyeje? Akaandika: mtoto ana tatizo la sarufi katika lugha yake ya kwanza. Jamani! Hicho ndicho Kiswahili cha mama yake, cha bibi yake, cha mtaa mzima aliotoka. Ukipeleka kipimo hicho hicho Bukavu, huko Kongo, utaandikisha mji mzima kliniki.

Kikao cha kumweleza mama nikaitwa mimi kutafsiri. Mtaalamu ni dada mwema, hana nia mbaya, anaheshimu watu. Akasoma ripoti, nikatafsiri. Mama akanigeukia mimi: "Papa, weye unaona namna gani?" Kanuni ya mkalimani inasema swali hilo silijibu, nalitafsiri kama yanavyotafsiriwa mengine. Nikalitafsiri. Dada akajibu yeye, nikatafsiri na jibu lake. Mtu mwenye shahada mbili za kazi ile ile amekaa kiti cha katikati, ameajiriwa kwa ajili ya mdomo wake tu, na mtoto anaingizwa programu asiyoihitaji.

Na kinyume chake kipo, ambacho mimi nakiona kibaya zaidi. Mtoto ana tatizo la kweli, hasikii vizuri sikio moja au ana kigugumizi cha kumnyima raha, walimu wanasema "ndiyo kwanza anajifunza Kiingereza, tumpe muda". Anapewa muda. Mwaka unaisha.

Sasa turudi kwenye leseni ya muda, maana ndipo nilipokwama. Ukimaliza uzamili hujawa mtaalamu kamili. Kuna kipindi cha kazi chini ya usimamizi: si chini ya wiki 36 na saa 1260, msimamizi awe na cheti, na lazima aje akuangalie ukifanya kazi, saa 18 kwa uchache. Kipindi hiki angalau kinalipwa. Ila katika majimbo mengi, langu likiwemo, huwezi kukianza bila leseni ya muda, na leseni ya muda haitoki mpaka bodi ione jina la mwajiri na sahihi ya msimamizi. Mwajiri naye anauliza: leseni ya muda unayo? Mwenye bahati anapata shule inayokubali kusubiri. Nilimpata mwajiri wa namna hiyo, na ukiuliza kwa nini alinikubali, ni kwa sababu ya Kiswahili.

Tatizo ni kalenda. Mwaka wa shule hapa ni kama siku 180, yaani wiki 36 kamili. Ukianza Agosti unamaliza kipindi chote mwaka huo huo. Ukichelewa hata mwezi mmoja, kinamwagikia mwaka unaofuata, na likizo ndefu ya kiangazi katikati haihesabiki. Kwa hiyo barua ya ofisi isiyokuwepo inanila karibu mwaka mzima wa mshahara, na shule haitanishikia nafasi mpaka Krismasi. Hakuna pa kukata rufaa haraka pia. Bodi inakutana kwa ratiba yake, ukikosa kikao unasubiri kingine, na anayepokea simu anakwambia kwa sauti tamu kabisa kwamba yeye hana mamlaka ya kusema lolote kuhusu faili lako.

Najua yupo atakayekuja na "leseni ni kulinda wananchi". Ndugu yangu, mimi nimemwona mgonjwa wa kiharusi akilishwa uji na mtu asiyejua, uji ukaishia kwenye mapafu. Sihitaji kufundishwa umuhimu wa leseni. Ningefurahi nyumbani tungekuwa na daftari letu la usajili tangu siku ya kwanza, maana leo lingeniokoa. Nipimeni! Niwekeeni mgonjwa mbele na watahini watatu wamesimama nyuma yangu. Ninachokataa ni kupimwa kwa uwezo wa kupata muhuri.

NYONGEZA: Kuna mdau chini ameandika "si urudi tu Mwanza, huko wanakuhitaji". Mkuu, deni la uzamili ni la dola, nilipie kwa shilingi za mshahara gani? Wewe anza kurudi, nitakukuta.

NYONGEZA 2: Waliouliza kuhusu kuja kwa viza ya kazi: kwenu kuna ngazi ya ziada. Sheria ya uhamiaji ya 1996 inadai cheti maalumu cha wahudumu wa afya waliosoma nje, na watu wa tiba ya usemi na audiolojia wametajwa humo. Anzeni kukusanya maelezo ya masomo yenu kabla hamjaondoka chuoni, wakati mwenye funguo za kabati bado anakujua kwa sura.

Sasa shida yangu. Kuna yeyote humu, wa fani yoyote ya afya, aliyewahi kudaiwa uthibitisho wa usajili ambao kwao haukuwepo, na bodi ikakubali kitu kingine? Nimesikia kuna walioapa mbele ya wakili wakakubaliwa, wengine barua ya wizara, wengine ya mwajiri wa zamani. Kiapo naweza kukipata kesho. Barua ya wizara nahitaji mtu aliye Dodoma anayejua mlango wa kugonga, na si "nitakuunganisha na jamaa". Njooni inboksi, kikao cha bodi kinachofuata ni mwisho wa mwezi.