Sabufa ya inchi 12 na redio iliyokuja na gari: mdundo hauna nguvu, nimekosea wapi?

Mpenda Mdundo

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, wiki ya tatu hii nahangaika na jambo moja tu.

Gari ni saluni. Redio ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na siwezi kuing'oa kwa sababu skrini yake ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma na ndiyo inayoendesha kiyoyozi. Kwenye buti nimeweka sabufa moja ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4, boksi lililozibwa pande zote, na amplifaya ya chaneli moja iliyoandikwa wati 500 kwa omu 2. Redio haina matundu ya RCA, yale ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya, kwa hiyo nimechukua sauti kwenye nyaya za spika za milango ya nyuma, nikazipitisha kwenye konvata ndogo inayoshusha sauti ya spika iwe ya kiwango cha RCA, kisha waya wa RCA hadi kwenye amplifaya. Kazi yote nimefanya kwa mikono yangu.

Taa ya amplifaya inawaka, fyuzi zote nzima, hakuna harufu ya kuungua. Lakini mdundo wenyewe ni kama mtu anapiga godoro chumba cha pili. Sauti ya redio ikiwa 10 angalau nasikia kitu. Nikipandisha hadi 25, mwimbaji anapanda, gitaa linapanda, besi inabaki pale pale au inapungua kabisa. Geini ya amplifaya nimeshaizungusha karibu na mwisho.

Je, sabufa ni ndogo? Amplifaya dhaifu? Nimeanza kufikiria kununua sabufa ya pili.

Msafiri 74

Ongeza ya pili mkuu. Besi ni hewa, ukisukuma hewa nyingi unapata mdundo. Mimi ninazo mbili na vioo vinatetemeka.

Waya Mwekundu

Msafiri, hapo sikubaliani nawe. Kama sauti inayofika kwenye amplifaya haina besi, hata akiweka sabufa nne atapata godoro nne.

Mleta mada, usinunue chochote kwa sasa. Inchi 12 moja yenye wati 500 za kweli ndani ya saluni inatosha kabisa kukutikisia kioo cha nyuma. Kuna mahali besi inapotea njiani, na kazi yetu ni kupajua.

Kwanza rudisha geini chini, tafadhali, leo hii. Ile si ya kuongezea sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya umeme wa sauti unaoingia na uwezo wa amplifaya. Ukiifungua hadi mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa, joto linapanda kwenye koili, na siku moja utasikia harufu ambayo hutaisahau.

Kisha fanya hivi. Zima kila kitu. Chomoa RCA zinazotoka kwenye konvata, tafuta waya wa kutoka kwenye simu wenye vichwa vya RCA, chomeka simu moja kwa moja kwenye amplifaya. Waya wa kuiwasha amplifaya uache ulipo. Anza na sauti ya chini, piga wimbo unaoujua vizuri, panda taratibu. Ikidunda, basi kuanzia amplifaya hadi sabufa hakuna tatizo na mwizi yuko upande wa redio. Isipodunda, mwizi yuko kwenye buti. Jaribio moja linakugawia gari nusu kwa nusu.

Fundi Buti

Nakubaliana na Waya Mwekundu. Kwa kuwa utakuwa umeshafungua buti, angalia na haya.

Swichi ya filta iwe LPF (inapitisha sauti za chini), isiwe HPF (inapitisha za juu). Nimeona watu wazima wakihangaika mwezi mzima kwa sababu ya swichi hiyo. Filta yenyewe iweke karibu na 80 Hz. Kama kuna kitufe cha kukata sauti za chini kabisa, kishushe hadi 25 au 30 Hz, kwani kikiachwa kwenye 50 kinakula mdundo wote wenye uzito.

Koili mbili ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Chomoa nyaya za sabufa kwenye amplifaya, weka multimita kwenye omu, pima ncha zake. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, utasoma chini kidogo ya 2. Ukisoma 7 na kitu, umeziunga kwa mfululizo, yaani omu 8, na amplifaya yako haitatoa hata nusu ya zile wati 500. Lakini multimita haitakuambia kama koili moja imegeuzwa. Hapo koili zinavutana, moja inasukuma nje na nyingine inavuta ndani, sabufa inasimama karibu kimya huku inapata moto. Kujua hilo, tenganisha koili, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kwenye koili moja moja kwa sekunde moja tu. Chanya kwa chanya, koni itoke nje. Zote mbili lazima ziende upande mmoja.

Na waya wa bodi, ule hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye chuma cha gari! Umeufunga wapi? Kama chini ya bolti kuna rangi, hujaufunga.

Mpenda Mdundo

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimetumia jioni nzima.

Jaribio la simu: nilikaa kiti cha nyuma, nikaweka wimbo, nikapandisha kidogo kidogo. Sarafu zilizokuwa kwenye kishikio cha vikombe zikaanza kuhama. Sikuamini kama ni sabufa ile ile. Yaani muda wote ilikuwa na uwezo huo.

Filta ilikuwa sawa, LPF kwenye 80. Koili zinasoma 1.8, na kwa betri zote zinatoka nje. Waya wa bodi, Fundi Buti, umenikamata. Nilikuwa nimeufunga kwenye bolti ya mkanda wa usalama, na chini yake kulikuwa na rangi safi ya kiwandani. Nimeuhamishia pengine, nikakwangua rangi hadi chuma king'ae, nikafunga upya. Injini ikiwa imewaka napata volti 13.9 kwenye amplifaya, na mdundo ukigonga hazishuki chini ya 13.

Nikarudisha RCA za konvata, nikawasha redio. Godoro limerudi.

Fundi Buti

Bolti ya mkanda usiiguse tena ndugu yangu. Hakikisha umeikaza kama ilivyokuwa, hiyo inashika uhai wa mtu. Umefanya vizuri kuhama. Waya huo uwe mfupi, usizidi nusu mita ukiweza.

Koili Mbili

Mpenda Mdundo, naomba ufanye jambo dogo kabla ya kufungua kitu kingine. Rudisha konvata ilivyokuwa. Washa redio, sauti 12 hivi, wimbo wenye besi ya kutosha. Kisha nenda kwenye balansi ya redio uisogeze yote kushoto. Sikiliza sabufa. Halafu yote kulia. Halafu rudisha katikati. Niambie wapi mdundo ulikuwa mkubwa.

Mpenda Mdundo

Aisee. Yote kushoto, mdundo mkubwa. Yote kulia, mdundo mkubwa vile vile. Nikirudisha katikati unakufa. Nimerudia mara tano nikidhani masikio yananidanganya. Inawezekanaje spika chache zitoe mdundo mwingi?

Koili Mbili

Nilivyotarajia. Upande mmoja umegeuza chanya na hasi pale ulipounga konvata.

Besi kwenye muziki mwingi hurekodiwa sawasawa kushoto na kulia. Amplifaya yako ya chaneli moja inachukua pande zote mbili na kuzijumlisha. Upande mmoja ukiwa umegeuzwa, kushoto inasema sukuma, kulia inasema vuta, jumla yake inakaribia sifuri. Ukizima upande mmoja kwa balansi, hakuna wa kuupinga mwingine, mdundo unarudi. Sauti za juu wala huoni tofauti, kwa sababu milango inapiga kwa nyaya zake za awali ambazo hukuzigusa.

Ulijuaje waya upi ni chanya?

Mpenda Mdundo

Kwa rangi. Mlango wa kushoto kulikuwa na waya mmoja wenye mstari mweusi, nikauhesabu kuwa hasi. Kulia hakukuwa na mstari, nikakisia.

Koili Mbili

Basi hapo ndipo penyewe. Kwenye redio za kununua dukani kuna mpangilio unaofuatwa sana: kijani ni nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na wenye mstari mweusi ni hasi. Viwanda vya magari havifuati hayo, kila kimoja kina rangi zake. Usikisie. Fungua mlango, chomoa plagi ya spika ili redio isiwe kwenye njia, na konvata uitenge pia, halafu gusisha betri ya 1.5 kwenye spika yenyewe. Koni ikitoka nje, umeipata chanya. Kisha fuata waya huo kwa multimita hadi ulipounganishia.

Nakusihi jambo moja: waya hasi wa spika usiufunge kwenye bodi hata kidogo. Kwenye redio nyingi za gari nyaya zote mbili za spika zina karibu volti 6 redio ikiwaka, na ukiugusisha mmoja kwenye bodi unaweza kuua redio ambayo huwezi kuing'oa.

Mpenda Mdundo

Kulia ilikuwa imegeuzwa. Nimebadilisha nyaya mbili tu, nikafunga tepu, nikawasha. Nimekaa ndani ya gari nikicheka peke yangu. Koili Mbili, Mungu akubariki.

Lakini bado kuna sehemu haijakaa. Hadi sauti 18 ni raha tupu. Nikifika 25 besi inaanza kunyauka, wakati kwa simu ilipanda hadi mwisho. Kuna kingine?

Waya Mwekundu

Kipo, na hiki si kosa lako. Redio nyingi za kiwandani zimepangwa kupunguza besi kadiri unavyopandisha sauti. Wanafanya hivyo kulinda spika ndogo za milango, ambazo zingepasuka kwa besi kubwa. Redio haijui kwamba umeweka inchi 12 nyuma.

Thibitisha kwa vipimo. Pakua mlio wa 50 Hz na mwingine wa 200 Hz. Weka besi na trebo katikati. Multimita iwe kwenye volti za AC, ncha zake kati ya nyaya mbili za spika moja, pale konvata inapoanzia. Sabufa izime. Soma kwenye sauti 10, 15, 20, 25 na 30, kila mlio kwa sekunde chache tu usije ukaumiza spika za milango.

Mpenda Mdundo

Nimeandika kwenye karatasi. Kwa 200 Hz: 0.7, 1.4, 2.6, 4.2, 6.0. Kwa 50 Hz: 0.7, 1.4, 2.1, 2.2, 1.9.

Waya Mwekundu

Ona 30. Sauti imepanda, besi imeshuka chini ya ilivyokuwa kwenye 20. Hapo hakuna sabufa wala amplifaya itakayokusaidia, redio yenyewe imeshaikata.

Njia zipo. Ya bure ni kuweka kikomo chako kwenye 18 au 20, kisha panga geini ya amplifaya kwa kikomo hicho. Wati 500 kwa omu 2 ni karibu volti 31.6, kwa hiyo chomoa sabufa, piga mlio wa 50 Hz, pandisha geini hadi multimita isome karibu na hapo au chini kidogo, usizidi. Ukitaka milango nayo ipige zaidi bila kuvuka 18, itabidi uiwekee amplifaya yake. Njia ya pili ni konvata inayorudisha besi iliyokatwa, mfano LC2i ya AudioControl ina kitu hicho na inaitwa AccuBASS. Au kifaa cha DSP, yaani kichakataji cha sauti cha kidijitali, ambacho kinanyoosha sauti yote, ila kinataka muda na uvumilivu wa kukipanga. Ningekuwa wewe ningeanza na ya bure, nisikilize mwezi mmoja.

Kama gari lako lingekuwa na amplifaya ya kiwandani iliyojificha chini ya kiti, ningekuambia vingine, kwa sababu hizo mara nyingi hugawa sauti kabla haijafika kwenye spika.

Nyota ya Alfajiri

Naongeza dogo. Kwenye saluni, viti vya nyuma vinaziba mdundo. Jaribu kulielekeza boksi nyuma ya gari badala ya mbele. Na kama amplifaya ina swichi ya 0 na 180, ile ya kugeuza mwelekeo wa koni, kaa kiti cha dereva, mtu mwingine abadilishe huku wimbo unaendelea. Acha pale besi inaposikika kama inatoka mbele pamoja na ngoma, si nyuma peke yake.

Mpenda Mdundo

Nimefanya yote jana. Geini imesimama kwenye volti 30, chini hata ya nusu ya kitufe, mimi niliyekuwa nimeizungusha hadi mwisho. Boksi linatazama nyuma. Swichi imebaki 180, mke wangu ndiye aliyekuwa anabadilisha kwenye buti, na mara tatu zote nilichagua 180 bila kujua ameweka wapi. Kikomo ni 19, nimebandika karatasi ndogo pembeni ya skrini.

Msafiri 74, sabufa ya pili sinunui. Ila nimekumbuka shemeji yangu naye analalamika hivyo hivyo. Jumamosi nakwenda kwake, na kabla ya kufungua hata skrubu moja nitaanza na balansi.